Kadi Moja, Vyumba Sita

Kutoka Singida hadi Sumbawanga nilitumia siku nne, na ile ya nne peke yake ilikuwa ndefu kuliko tatu za mwanzo zikiwekwa pamoja. Hadi Tunduma nilipanda mabasi kama watu wengine. Tunduma nikaambiwa mvua imeharibu njia, basi la Sumbawanga haliondoki mpaka ikauke, na mimi sikuwa na pesa ya kusubiri njia ikauke. Nikapata nafasi juu ya lori la saruji pamoja na mwanamume mmoja aliyekuwa na majogoo wawili ndani ya kapu. Wakati huo barabara ile haikuwa na lami. Kila penye utelezi tulishuka tukasukuma, tukapanda tena, na kadiri tulivyosogea ndivyo baridi ilivyozidi, mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi kama dereva ana uhakika kwamba bado tuko Tanzania. Kuanzia Laela upepo wa Ufipa ulitupiga moja kwa moja, maana hapakuwa na kitu cha kuuzuia, ni uwanda wa majani na mashamba ya ulezi tu mpaka macho yanachoka. Yule mwenye majogoo alinipa mfuko mtupu wa saruji nijifunike mabega. Basi jioni nilipobisha hodi pale Mazwi, mtaa mmoja wa Sumbawanga, kwenye nyumba ya Bibi Skolastika niliyeelekezwa kwamba ana chumba cha kupangisha, nilikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Bibi alinitazama kwa muda, kisha akawauliza wapangaji waliokuwa uani kama huyu ni mtu au ni ukuta uliobomoka. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akasema nikaoge kwanza, habari ya kodi tutaongea nikisharudiwa na rangi yangu.

Mambo ya nyumbani kwetu na ya ukoo wangu nitayaacha. Hayana tofauti kubwa na ya wengine, na mimi mwenyewe niliyaacha mapema. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, miaka ishirini na kitu, na miguu isiyotulia. Tangu mwaka ule nimekaa Geita, Mtwara, Tanga na Kahama, na sasa niko Morogoro, ambako sina hakika kama nitamaliza mwaka. Kila mji nimeondoka nikiwa na hadithi zake mbili tatu, lakini mwaka wa Sumbawanga sikuwahi kumsimulia mtu, labda kwa sababu unahusu sukari na sabuni, na mwanaume akisimulia safari zake watu hutegemea kusikia dhahabu na simba. Mwezi uliopita nikapigiwa simu na sauti ambayo sikuitambua. Ilikuwa ya Mama Oliva. Binti yake amehamishiwa kazi hapa Morogoro, na yeye alikuwa amekuja kumsalimia. Nilikwenda siku hiyohiyo. Amenenepa, nywele zimeingia mvi mbele, lakini bado anapakua chakula kama mtu anayepima kitu cha thamani, anaweka kijiko, anatazama, anaongeza. Tukiwa mezani Oliva alikuwa akimweleza mumewe jinsi ya kukusanya pointi za dukani kwa simu, wanunue nini wapi na siku gani. Mama yake akanigeukia, akasema, "Hamisi, hawa wanadhani mambo haya yameanza na simu." Tulicheka mpaka mkwe wake akaacha kula. Niliporudi kwangu nikanunua daftari.

Nyumba ya Bibi Skolastika ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na bati juu bila dari. Kwa hiyo maneno yalipita juu ya kuta kama moshi. Ulijua nani kaamka, nani anakohoa, nani kagombana na mchumba wake. Chumba cha kwanza kulia ni cha Bibi mwenyewe, mjane wa Kifipa, mweka hazina wa jumuiya ya Wakatoliki wa mtaa ule, mwenye miwani iliyovunjika mkono mmoja ambayo alikataa kuitengeneza kwa kuwa, alisema, aliyoyaona yanamtosha. Mkabala naye alikaa Mama Oliva na binti yake, wakati huo akiwa darasa la tatu. Chumba changu kilifuatana na chao. Mbele yangu alikaa Masanja, Msukuma aliyekuwa akiuza maziwa mjini kwa baiskeli. Ng'ombe walikuwa wa kaka yake, huko bondeni upande wa Ilemba, na wachache aliwaweka pembezoni mwa mji kwa ajili ya biashara. Vyumba viwili vya mwisho vilikuwa na wanandoa wapya na fundi viatu, watu wapole ambao sitawasumbua sana katika maelezo haya.

Kazi niliipata siku ya tatu. Kampuni ilikuwa inajenga barabara ya lami, na mimi nikakabidhiwa kibao cha kusimamishia magari, upande mmoja chekundu, upande wa pili kijani. Wenzangu waliona ni kazi ya aibu kwa mtu mwenye cheti. Mimi niliipenda. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kufanya ambayo mkuu wa wilaya alisimama nilipomwambia asimame. Chakula cha kambi kilipikwa na Mama Oliva. Alikuwa ameshinda tenda ya kuwalisha vibarua thelathini, chai asubuhi na chakula mchana, kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo na isiyobadilika mpaka kipande chetu cha barabara kikamilike mwezi wa kumi na mbili. Na palikuwa na sharti moja: sehemu ya malipo yake ya kila wiki ilibaki ofisini kama dhamana. Akimaliza kazi atapewa yote kwa mkupuo. Akikatisha, hata iwe kwa wiki moja, imepotea. Fedha hiyo alishaipangia. Palikuwa na kiwanja kidogo kando ya barabara, hapo hapo Mazwi, alichoachiwa na kaka yake wa Kasense, na alitaka kujenga hoteli yake, meza tatu, jiko lenye bomba la moshi, na ubao wa jina. Hakuwa akizungumza kuhusu kitu kingine. Akikupakulia ugali wake wa ulezi uliochanganywa na mahindi, mwekundu kama udongo wa kufyatulia matofali, na maharage ya Kasense yaliyoungwa na karanga, alikuwa akikuuliza kama meza zikae ukutani au katikati.

Jumapili moja mchana, yapata mwezi mmoja baada ya kufika, nilikuwa nimelala chali kitandani nikasikia juu ya ukuta Mama Oliva akimwambia Bibi Skolastika kwamba tenda anairudisha. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema anakwenda kuchota maji. Alieleza kwamba akishanunua vitu vya siku hiyo, hakibaki kitu. Sukari ndiyo inayommaliza, na mafuta, na sabuni ya kuoshea masufuria. Kila alfajiri anapita kibandani, kilo mbili hapa, chupa ya mafuta pale, kipande cha sabuni. Nikamsikia Bibi akisema, "Rudisha. Yule mpishi wa stendi uliyemshinda ataichukua kesho, na atapikia sufuria zako, maana wewe utamuuzia." Sikuweza kulala tena. Nilikuwa nakula chakula cha yule mama kila siku, nimeshamshauri meza zikae ukutani, na sikuwahi kujiuliza anapata nini.

Wiki iliyofuata kituo changu kilihamia mbele ya duka la jumla la Mzee Sefu. Mtu anayeshika kibao husimama muda wa saa kumi akitazama mahali pamoja, na mahali nilipotazama mimi palikuwa na tangazo jipya ukutani. Nililisoma mpaka nikaweza kulisema nikiwa nimefumba macho. Kila mteja atakayenunua bidhaa nzima iliyofungwa kiwandani, iwe katoni, gunia au dumu, atagongewa muhuri mmoja. Kadi moja kwa jina moja. Atakayefikisha mihuri arobaini kabla duka halijafungwa siku ya mwisho ya Novemba, atapewa gunia la sukari la kilo hamsini na madumu mawili ya mafuta ya kupikia ya lita ishirini. Siku ya kwanza niliona ni jambo jema. Siku ya tatu nikaanza kukasirika. Niliwatazama wanaoingia na kutoka, nikaona wanaogongewa mihuri ni wenye maduka na wenye magari, na sisi wa vipande, wa robo kilo, wa kipimo cha mafuta kwenye kichupa, tunalipa bei kubwa zaidi kwa kitu kilekile na kadi hatuoni. Mwenye kibanda akishakata mche wa sabuni vipande sita, faida ni yake, na muhuri ulishabaki naye tangu jumla. Siku ya tano ndipo wazo likanijia, na lilikuwa jepesi kiasi kwamba nilisahau kugeuza kibao na foleni ya malori ikaanza kupiga honi.

Niliwakusanya uani Jumamosi, siku ambayo sote tulikuwa na malipo ya wiki mkononi. Nikasema tuache kununua vipande. Vyumba sita tuchange, tununue kitu kizima kwa Mzee Sefu, tukikate wenyewe hapa uani, na kadi iandikwe jina la Mama Oliva, kwa kuwa yeye ndiye mnunuzi mkubwa na tenda ni yake. Kila mmoja atapata kwa bei ya jumla, na zawadi ikipatikana itaokoa tenda. Masanja akauliza yeye na mwili mmoja alionao katoni ya sabuni ataioga mpaka lini. Nikamweleza tena habari ya kugawana. Bibi Skolastika akasema kwamba watu hawa hawajaweza kugawana kamba ya kuanikia nguo tangu nyumba hii ijengwe, na sasa mvulana wa Singida amekuja na saruji kichwani kuwafundisha kugawana mafuta. Watu wakacheka, nikajua nimeshindwa. Mama Oliva hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na noti zilizofungwa kwenye kona ya kitenge, akazifungua mbele yetu. "Mimi naanza na gunia la sukari," alisema. "Hii ni nusu ya bei yake. Asiyetaka chai na asiseme kitu." Fundi viatu ndiye aliyefuata. Masanja alikuwa wa mwisho kabla ya Bibi, na Bibi alitoa akilalamika.

Nikiulizwa furaha ni nini, naona ule ua siku za Jumamosi saa kumi jioni, jua la Ufipa likiwa jeupe bila joto, na sisi tumezunguka mkeka kama wanaocheza bao. Sukari tuliipima kwa kopo moja la maziwa ya watoto, likisawazishwa kwa mgongo wa kisu, na kisu alishika Bibi, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kubishana naye. Mafuta yalipimwa kwa kikombe cha bati. Mche wa sabuni tuliukata kwa uzi wa fundi viatu, mtu mmoja anashika huku na mwingine kule, na desturi tuliyojiwekea ilikuwa kwamba anayekata huchagua wa mwisho. Hujawahi kuona watu wanakata sabuni kwa uangalifu kama ule. Masanja alikuwa akifumba jicho moja kabla ya kuvuta. Mke wa wale wanandoa alimwambia siku moja kwamba hata mahari hawakuitazama hivyo, naye akajibu kwamba mahari ilikuwa na miguu, ikipungua unaifuata, sabuni ikipungua imekwenda na maji. Miezi miwili baada ya kuanza, Mama Oliva alikuwa anakwenda kambini akiimba. Kilichokuwa kinabaki kibandani sasa kilikuwa kinabaki mfukoni mwake.

Tulijifunza mbinu, na kila mbinu tuliisherehekea kama bao. Tuligundua kwamba Ijumaa ya mwisho ya mwezi Mzee Sefu hupunguza bei ya katoni zilizobonyea pembe au kulowa kidogo. Karani wake, kijana mnene aitwaye Idi, alikataa kugonga muhuri kwa bidhaa za punguzo. Nikamwambia tangazo halisemi bei, linasema imefungwa kiwandani, akague gundi. Akakagua gundi, akagonga. Lakini ushindi mkubwa uliletwa na Masanja. Tulikuwa tumekaa tukitafuta kitu kizima cha bei ndogo kuliko vyote, ili tupate muhuri bila kuumia, na kitu hicho kilikuwa katoni ya chumvi. Shida ni kwamba watu wa vyumba sita hawawezi kula chumvi ya katoni kwa mwezi mmoja wakabaki salama. Masanja akauliza polepole kama kadi inabagua anayekula. Kaka yake kule bondeni alikuwa akinunua chumvi ya kulambisha ng'ombe kila mwezi, kwa bei ya rejareja, kutoka kwa mchuuzi anayepita na pikipiki. Tangu siku hiyo chumvi ya ng'ombe ilinunuliwa kwa Mzee Sefu na kushuka bondeni na magari ya mchele. Katika ile mihuri arobaini, kumi na mmoja ilikuwa ya ng'ombe wa Masanja, na hakuacha kutukumbusha. Akidaiwa kufagia uani alisema wakafagie wale ambao mifugo yao haijachangia.

Mwezi wa kumi bei zikapanda. Sukari iliadimika mji mzima, mafuta yakafuata, na hata bei ya jumla ikawa inauma. Msimamizi wa kambi alipoulizwa kama anaweza kuongeza kidogo, alionyesha karatasi ya makubaliano na sahihi ya Mama Oliva chini yake. Yule wa stendi akaanza kuonekana kambini mara kwa mara, amevaa vizuri, akiwasalimia vibarua kwa majina. Mama Oliva alipunguza sukari kwenye chai, kisha akaacha maandazi siku mbili kwa wiki, na vibarua wakaanza kunung'unika mbele yangu wakijua naishi naye nyumba moja. Mwishoni mwa Novemba tulikuwa na mihuri thelathini na tisa, pesa ya katoni moja ya sabuni, na kambini palikuwa na sukari ya siku mbili. Aliniambia wazi, tukiwa jikoni akigeuza maandazi, kwamba zawadi isipopatikana, Jumatatu atakwenda ofisini kurudisha tenda, na dhamana basi. Hakulia. Aliniuliza kama nadhani yule wa stendi angeweza kumwajiri kuosha vyombo.

Siku ya mwisho ya Novemba niliomba ruhusa mchana. Nilimkuta Mama Oliva amevaa kitenge chake cha kanisani, pesa ya katoni iko mkononi, anatafuta kadi. Aliiweka siku zote ndani ya mfuko wa nailoni chini ya godoro, pamoja na kadi yake ya zaka ya kanisani. Wasiojua desturi hiyo niwaeleze: Mkatoliki wa kule huwa na kadi ndogo ya karatasi ngumu yenye jina lake juu na vyumba chini, na akitoa zaka yake vyumba hujazwa. Ya Mzee Sefu nayo ilikuwa ya karatasi ngumu, yenye jina juu na vyumba chini, na maelezo ya duka yalikuwa nyuma. Mama Oliva aliutia mkono ndani ya mfuko, akatoa kadi, akaitazama, akakaa chini. Ilikuwa ya zaka. Jana yake Bibi Skolastika, kama mweka hazina wa jumuiya, alikuwa amezikusanya kadi za zaka za mtaa mzima kuzipeleka parokiani, zigongwe muhuri wa kumaliza mwaka kabla ya Majilio, majuma ya kungojea Krismasi. Alipewa ruhusa aitoe mwenyewe chini ya godoro. Aliitoa bila miwani.

Bibi aliposikia, alikwenda chumbani kwake akarudi na miwani yake, akaivaa, ikaning'inia upande mmoja, akaisoma ile kadi ya zaka herufi kwa herufi kana kwamba inaweza kubadilika. Masanja alikuwa ameshateremsha madumu ya maziwa kwenye baiskeli. Alimpakia Mama Oliva nyuma, mimi nikakimbia kando yao, na hivyo ndivyo tulivyopanda hadi parokiani, Msukuma asiyekuwa na dini aliyoitaja, Mwislamu wa Singida anayehema, na Mama Oliva ameshika kadi ya zaka mbele yake kama taa.

Katekista alikuwa peke yake ofisini na kadi zimepangwa mezani kwa mafungu. Alisikiliza, akatafuta, akaipata. Kisha akaigeuza tuione. Alikuwa ameshagonga. Muhuri wa parokia, wa duara, wa zambarau, ulikuwa umekaa barabara katikati ya chumba cha arobaini, ndicho pekee kilichokuwa wazi. Alisema yeye alishangaa tu kwamba mama huyu ametoa zaka mara thelathini na tisa kwa mwaka mmoja, akamsifu moyoni. Alisita pia kuitoa, maana kitu chenye muhuri wa parokia hakitoki bila Padre, na Padre alikuwa ametoka kwenda vigangoni, kwenye makanisa ya vijijini. Mama Oliva akaweka kadi ya kweli mezani. "Ya Mungu nilimaliza tangu Oktoba," alisema. "Igonge hii inayostahili, unipe ile ya watoto wa watu." Katekista aliikagua, akaona kweli imejaa, akagonga. Akatukabidhi ya duka, akasema tuseme kwamba hakuiona.

Tulifika kwa Mzee Sefu Idi akiwa anaanza kufunga milango. Alichukua pesa ya katoni, akatoa katoni, akachukua kadi, akainua muhuri, akaushusha bila kugonga. Akasema kadi imeharibika. Chumba cha arobaini kimejaa, na kilichokijaza si cha duka. Nilianza kumsomea tangazo, naye akasema analijua tangazo, alilibandika yeye. Sauti zetu zikamtoa Mzee Sefu nyuma, mtu mrefu mwenye kofia ya kufumwa, ametoka kuswali alasiri na mikono bado imelowa. Aliichukua kadi akaipeleka mlangoni penye mwanga. Alinitazama, maana tulikuwa tukionana msikitini. "Hamisi, wewe kanisani ulifuata nini?" Nikamweleza yote, kadi mbili, godoro, miwani, baiskeli. Idi alianza kucheka, Mzee akamtazama, akaacha. Kisha akasema kwamba ananionea huruma, lakini akikubali muhuri wa mtu mwingine leo, kesho watamletea wa shule na wa mahakama. Mama Oliva alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Akasogea mbele, akaweka mkono juu ya katoni ya sabuni. "Mzee, mimi sikuombi ukubali wa kanisa. Nimenunua kwako vitu vizima arobaini, hiki ni cha arobaini, na Idi amepokea pesa yake sasa hivi. Tangazo lako lilisema mihuri. Halikusema vyumba. Tafuta mahali ugonge."

Mzee Sefu aliigeuza kadi nyuma, akasoma maelezo yake mwenyewe, midomo ikitembea. Alisoma hadi mwisho, akarudia sehemu moja. Nje Masanja alikuwa ameacha hata kupiga miluzi. Mzee akamwambia Idi alete wino, akaiweka kadi mezani, na kwenye ukingo mweupe, nje ya vyumba vyote, akagonga kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. "Sukari ipo stoo," akasema. "Mafuta chagua mwenyewe, uangalie yasivuje." Tulirudi Mazwi na mkokoteni. Watu walitoka milangoni kututazama. Masanja aliendesha baiskeli mbele taratibu akipiga kengele kama anayeongoza harusi, na kila aliyeuliza ni nini, alijibiwa kwamba ni ng'ombe wake. Bibi Skolastika alikuwa ameketi kizingitini, miwani bado iko usoni. Mama Oliva alimwamkia shikamoo kama vile hawajaonana siku hiyo, akamwambia aje ashike kisu, sukari inahitaji kupimwa. Bibi akasema leo haipimwi, leo ni ya kambi yote. Ilikwenda kambini yote. Maandazi yalirudi kila siku, chai ikawa na utamu wake, na yule wa stendi akaacha kuja.

Barabara yetu ilikamilika siku chache kabla ya Krismasi. Msimamizi alimlipa Mama Oliva dhamana yote mbele ya vibarua, akataka ahesabu hapo hapo, naye alihesabu mara mbili bila haraka, sote tumesimama juani tumenyamaza kwa heshima. Januari ukuta ulipanda, tofali kwa tofali, nami nilisaidia kuchanganya udongo kwa kuwa sikuwa na kibao tena. Meza zilikaa ukutani. Kampuni ilihamisha kambi mkoa mwingine, na wengi walibaki Sumbawanga kutafuta kazi. Bibi aliniambia ninaweza kukaa mwezi mzima bila kodi nikitafuta cha kufanya. Ilikuwa zawadi kubwa kutoka kwa mtu yule, na usiku mmoja tu ulinitosha kujua kwamba sitaipokea. Nilikuwa nimesikia Geita wanachukua watu. Sijui kueleza zaidi ya hapo; barabara ikishakwisha, mimi hutaka kujua inafika wapi.

Niliondoka Jumamosi. Asubuhi nilikunywa chai hotelini, iliyokuwa na wiki moja tangu ifunguliwe, na watu wamejaa hadi mlangoni. Nilipotaka kuondoka bila kulipa, nikidhani ni haki yangu, Mama Oliva alinizuia mbele ya wateja wote akasema hapa si uani, hapa ni biashara. Nikalipa, chai na maandazi matatu. Hakuweza kunisindikiza stendi, foleni ilikuwa ndefu, na nilimwona akijaribu kunipungia akiwa ameshika birika. Basi lilipotoka stendi lilipita juu ya lami tuliyoijenga, laini, bila mtu wa kulisimamisha, na likapita mbele ya duka la Mzee Sefu. Palikuwa na tangazo jipya ukutani, sikuweza kulisoma kwa mwendo ule. Lakini chini yake niliwaona fundi viatu, wale wanandoa, na Masanja na baiskeli yake, wamezunguka katoni kubwa ya sabuni, na Bibi Skolastika amepiga magoti mbele yake na miwani yake ya mkono mmoja, akikagua gundi, huku Idi amesimama kando, muhuri mkononi, akimsubiri amalize.